Mwandishi Mkristo na Riwaya ya Kiswahili: Kutoka Kengeleni hadi Ukerewe

Riwaya ya Kikristo na riwaya ya mwandishi Mkristo si kitu kimoja. Ya kwanza hutambulika kwa mada yake: ina kanisa, ina padri au mchungaji, ina mtu aliyepotea akarudi. Ya pili hutambulika kwa mtu aliyeishika kalamu, na huenda isitaje jina la Yesu hata mara moja. Kiswahili kinazo zote mbili. Lakini kwa muda mrefu zimehesabiwa kuwa kitu kimoja, na hesabu hiyo imewagharimu waandishi wengi. Muumini anapoketi kuandika hadithi huhisi ameruhusiwa kuandika ile ya kwanza tu. Akielekea kwenye ya pili, huona haya, kana kwamba ameacha shamba la Bwana na kwenda kulima la mwingine.

Hisia hiyo ina historia yake. Sehemu kubwa ya Kiswahili cha awali kilichochapwa kwa herufi za Kirumi ilipita mikononi mwa wamisionari: kwanza Unguja na pwani, kisha bara, katika mitambo ya Ndanda, Peramiho, Kipalapala, Vuga na Dodoma. Mitambo hiyo ilifungwa kwa kazi maalumu. Ilichapa katekisimu, vitabu vya nyimbo, sala na Maandiko, na msomaji wa bara aliyejifunza kusoma katika shule ya misheni alijifunza kwa vitabu hivyo. Hadithi ilipokewa pale ilipoonekana kuisaidia kazi hiyo. Haikukataliwa, ila iliajiriwa, na mwajiriwa hujua mapema anachotarajiwa kusema.

Mfano mkubwa uliotangulia ulikuwa wa kigeni. John Bunyan, mhubiri wa Kiingereza aliyekaa gerezani Bedford miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali, alitoa mwaka 1678 kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Shujaa wake anaitwa Mkristo, na karibu kila anayekutana naye njiani amepewa jina la tabia yake. Kwa sikio la Kiswahili ufundi huo haukuwa mgeni sana. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, aliufanyia kazi vizuri katika Kusadikika, anapowakutanisha Karama na Majivuno barazani. Istiari ya namna hiyo ina heshima yake. Lakini Bunyan alikuwa na kitu ambacho waigaji wake mara nyingi hawana: aliijua hofu ya msafiri wake kutoka ndani. Mkristo wa Bunyan anatetemeka kweli. Waigaji walichukua ramani ya safari, wakaiacha mitetemo.

Kielelezo cha pili kilitoka nyumbani. Kuanzia miaka ya 1930 uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulienea Uganda, kisha Kenya na Tanganyika, na pamoja nao ukaenea ushuhuda. Mlokole husimama mbele ya ndugu akaeleza alivyokuwa, kilichompata, na alivyo sasa. Ni utanzu wa masimulizi uliokamilika: una mwanzo, una kilele, una mwisho, na unasimuliwa na mtu aliyepo, ambaye wasikilizaji wanaweza kumwangalia usoni. Nguvu yake inatokana na hilo la mwisho. Mama anayetubu hadharani kwamba alimwibia jirani yake kuku, jirani huyo akiwa amekaa benchi la tatu, hahitaji sitiari yoyote.

Umbo hilo likihamishiwa katika riwaya, msemaji anatoweka. Hakuna uso wa kuangalia, hakuna jirani wa benchi la tatu. Kinachobaki ni mpangilio: dhambi, pigo, wokovu. Msomaji aliyezoea anaujua mwisho akiwa ukurasa wa 5, na mwandishi naye anaujua, ndiyo maana anaharakisha. Matokeo yake ni kasoro inayojirudia katika vitabu vingi vya aina hii: sura za upotevu zina uhai, zina harufu ya klabu cha pombe na kelele za stendi, na sura za toba zimepoa. Mlevi tunamwona akitoa bati la paa la jiko lake na kulikokota hadi kwa mnunuzi. Tunamwona mkewe asubuhi akipanga masufuria penye matone ya mvua. Baadaye mlevi huyohuyo anaokoka katika aya moja, kwa maneno ambayo yangeweza kusemwa na mtu yeyote, na bati lile halitajwi tena. Swali ambalo hadithi ilikuwa imeliuliza, yaani kama mke yule anaweza kumwamini tena mtu aliyeuza paa lake, limeachwa bila jibu. Na hilo ndilo swali la Kikristo hasa, kwa kuwa msamaha si neno linalotamkwa ibadani tu. Ni kazi ya miezi ya mvua.

Kasoro hiyo haikutoka katika Injili. Katika Luka 15, simulizi ya baba na wana wawili haikomei kwenye karamu. Inatoka nje, kwa kaka mkubwa aliyesikia ngoma akitokea shambani na kukataa kuingia, na inakoma baba akiwa bado anasema naye uani. Kama kaka aliingia au hakuingia, msikilizaji haambiwi. Msimuliaji aliyetaka kufundisha tu angemwingiza ndani. Huyu aliuacha mlango wazi, kwa sababu waliokuwa wakimsikiliza ndio waliokuwa wamesimama uani.

Kitabu ambacho mara nyingi hutajwa miongoni mwa mwanzo kabisa wa riwaya ya Kiswahili kilitoka kwa Mkristo, na kinaonyesha ugumu wote huu mapema. Ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa jamii ya watumwa walioachwa huru, waliokaa Frere Town karibu na Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Kengele yao ingalipo pale Kongowea, na ndiyo iliyolipa eneo jina la Kengeleni. Kitabu kinasimulia kukamatwa, msafara, bahari, kuokolewa na manowari za Kiingereza, na maisha mapya misheni. Wahakiki wamekilaumu kwa shukrani zake nyingi kwa Waingereza, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo, msomaji makini hutambua kwamba kuna sauti mbili humo. Moja ni ya wazee waliobeba minyororo, na hiyo haijapoa hata leo. Nyingine ni ya mtu anayelipa deni kwa wafadhili wake. Imani ya Mbotela ni ya kweli katika zote mbili. Uandishi wake ni wa kweli zaidi katika ile ya kwanza. Shukrani, ikitangulia kuona, huufunika hata ukweli ambao ungeifanya shukrani yenyewe iwe na uzito.

Aliyekwenda mbali zaidi aliishi kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na Mapadri Weupe, kwanza Kagunguli na kisha seminari ya Rubya upande wa Bukoba. Hakupadrishwa. Alioa, akafanya kazi mbalimbali, akarudi kuitumikia misheni ya Kagunguli kwa kalamu na kwa lugha, maana alikuwa mjuzi wa lugha nyingi. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali.

Ingetarajiwa mtumishi wa misheni aandike juu ya ujio wa nuru. Kitereza aliandika juu ya Ukerewe kabla ya wamisionari. Hakuna padri katika kitabu hicho, hakuna ubatizo, hakuna mtu anayeongoka. Kuna mume na mke wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke kwa ugumba, wakitaka aachwe na mwingine aolewe. Wakwe wanamchukua binti yao. Mume, badala ya kuoa mwingine kama kila mtu anavyomtazamia, anakwenda kumwomba arudi. Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Na hapo riwaya inafanya jambo ambalo mhariri mwenye haraka angelikata: inakaa. Inafuata ndizi zinavyovundikwa ziive, zinavyokamuliwa, mtama unavyokaangwa na kusagwa, nani ameitwa kusaidia, nani amekuja bila kuitwa, salamu gani zimetolewa na kwa mpangilio gani. Kurasa kwa kurasa, mtu anatengeneza pombe ili ampate mke wake.

Hapo ndipo imani ya Kitereza ilipo, ingawa hajaitamka. Uaminifu wa ndoa anaouhubiri katekista kwa amri, yeye ameuonyesha kwa jasho la mtu ambaye hajaisikia amri hiyo. Myombekere hana kanisa la kumwambia asimwache mkewe. Ana moyo wake, na mila zinazomvuta kwingine. Kila mtungi unaojazwa ni neno ambalo mume yule hakuweza kulisema mbele ya wakwe. Kwa msomaji anayejua kwamba Kitereza na mkewe Anna Katura nao hawakubahatika kulea watoto wao hadi ukubwani, na kwamba walibaki wawili mpaka uzee, kurasa hizo zinapata uzito mwingine. Lakini hazihitaji habari hiyo ili zisimame.

Jambo la pili katika riwaya hiyo ni mganga. Bugonoka anatibiwa kwa dawa za kienyeji, anashika mimba, anazaa mtoto wa kiume na baadaye wa kike. Mwandishi aliyefunzwa seminari angeweza kumchora mganga kuwa tapeli, au kumwonya msomaji pembeni. Kitereza hakufanya lolote kati ya hayo. Alieleza matibabu kama walivyoyaona waliotibiwa. Wapo waumini ambao hilo huwatia wasiwasi hadi leo, na wasiwasi wao si wa kudharauliwa, kwa kuwa mganga bado ni mtu halisi katika maisha yao na si kumbukumbu ya makavazi. Lakini kuna tofauti kati ya kuiamini dawa na kuwa mkweli juu ya watu walioiamini. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo inawahusu pia mababu, na riwaya inayowafanya mababu wote kuwa wajinga gizani imewashuhudia uongo. Kitereza aliwapenda kiasi cha kuwaandika walivyokuwa: wacheshi, wachoyo, wakarimu, wenye adabu nyingi na maneno makali.

Kutoka kisiwa hichohicho, katika kijiji cha Namagondo, alizaliwa mwaka 1944 Euphrase Kezilahabi. Naye alipita mikononi mwa Kanisa Katoliki, akasoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Jina ni moja ya sifa za Bikira Maria katika litania ya Loreto, waridi la fumbo, na kila Mkatoliki aliyewahi kusali rozari ya Oktoba analijua. Kumpa jina hilo msichana anayepita mikononi mwa wanaume wengi, anayetoa mimba na mwishowe kujiua, kulionekana kwa wengi kuwa kufuru. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda. Baadaye kikawa miongoni mwa vitabu vinavyofundishwa sekondari.

Walioogopa kitabu hicho walihesabu dhambi zilizomo. Hawakutazama zinakotoka. Mwanzoni kuna barua: mvulana Charles amemwandikia Rosa, na baba yake, Zakaria, mlevi anayempiga mkewe, anaiona. Anampiga binti kwa ukali uliopita kiasi. Tangu siku hiyo Rosa anawaogopa wanaume wote, anakimbia hata salamu zao, na wazazi wanaihesabu hofu hiyo kuwa usafi. Anapofika shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, hana chochote ndani yake cha kumwongoza, kwa maana aliyekuwa akimwongoza alikuwa fimbo. Anaanguka haraka, na wanaomwangusha ni wakubwa wenye vyeo, walimu miongoni mwao.

Kezilahabi haifungi hadithi kaburini. Anawapeleka baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, na kesi ya nyumbani Namagondo inasikilizwa upya, safari hii na hakimu asiyeweza kudanganywa kwa heshima ya uzazi. Sehemu hiyo imelaumiwa kwa kuacha uhalisia, na kwa upande wa ufundi inaacha mshono unaoonekana. Lakini bila hiyo kitabu kingebaki malalamiko. Mwandishi alitaka Rosa asikilizwe mahali fulani, na duniani hakupaona. Mtu aliyelelewa na katekisimu pekee ndiye angefikiria kumpeleka huko.

Kezilahabi hakubaki mwandishi wa kanisani. Riwaya yake Kichwamaji ina giza zaidi, na kufikia riwaya za Nagona na Mzingile maswali juu ya Mungu na ukweli yamekuwa ndiyo hadithi yenyewe, bila jibu ambalo paroko angelipitisha. Kumwita mwandishi Mkristo kwa kazi zake zote kungekuwa kumvika joho asiloliomba. Rosa Mistika, hata hivyo, inabaki kuwa kitabu ambacho wazazi Wakristo wanakihitaji kuliko vingi vilivyochapwa kwa ajili yao, kwa sababu kinasema kwamba ukali usio na upendo huzaa hasa kile unachokiogopa, na kinasema hivyo kwa kumfuata msichana mmoja hatua kwa hatua.

Hapo kuna mpaka wa kweli kuhusu dhambi katika riwaya. Biblia yenyewe ina Daudi na Bathsheba, ina Tamari na Amnoni, na haifumbi macho. Inachotazama ni kitu gani kilimpata nani, na baada yake nini. Tukio la Tamari halina utamu wowote kwa msomaji. Lina mlango unaofungwa na msichana anayelia akiwa na majivu kichwani. Mwandishi anayesitasita juu ya ukurasa wa namna hiyo ana kipimo chepesi: kama jicho la ukurasa liko upande wa anayeumizwa, au upande wa anayejifurahisha.

Maombi na miujiza ni mtihani mwingine. Mungu katika riwaya dhaifu hufanya kazi ya mwandishi aliyekwama: mtoto anaugua, wanaomba, anapona, sura inaisha. Mkristo anaamini kwamba uponyaji hutokea, na hakuna sababu ya kuuondoa. Ila Mkristo huyohuyo amewahi kukesha hospitalini na kurudi nyumbani na shuka tupu, na aliyeandika Ayubu hakumficha hilo. Riwaya inayojibu kila sala kwa wakati humwacha mpweke yule msomaji ambaye yake haikujibiwa, naye ndiye mara nyingi aliyenunua kitabu. Sala huandikwa vizuri inapoonekana inavyosaliwa: kanga iliyofungwa kiunoni, magoti kwenye mkeka, maneno yaleyale ya jana, na akili inayokwenda kwenye ada ya shule katikati ya Baba Yetu.

Lugha ndiyo hatua ambapo kitabu hushikika au kuanguka mapema zaidi. Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, iliwapa Wakristo wa madhehebu mengi Kiswahili kimoja cha ibada, kizuri na chenye uzito. Mhusika anayenunua vitunguu kwa Kiswahili hicho hasadikiki. Watu wa kanisani wenyewe hubadili lugha siku nzima. Mzee wa kanisa anamsalimu mlokole mwenzake kwa Bwana asifiwe, anamgeukia kondakta na kumwambia chenji yangu vipi, anamjibu mkewe kwa Kichagga, na jioni anasali kwa maneno ya Zaburi. Mwandishi anayezisikia lugha hizo zote katika kinywa kimoja ameshapata mhusika. Anayempa moja tu amechonga sanamu.

Hilo linahusu pia wasomaji. Kiswahili hakikuanzia kanisani, na msomaji wake ana uwezekano mkubwa wa kuwa Mwislamu, au kuwa na shangazi na mashemeji Waislamu. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, alipotaka kuiimba Injili na Zaburi katika miaka ya 1960, alichukua utenzi, umbo lililokuzwa kwa karne nyingi na washairi Waislamu wa pwani, akalifuata kwa kanuni zake zote za vina na mizani. Hakulibatiza kwa nguvu, alilisomea. Alipokelewa miongoni mwa washairi kama mshairi, na aliongoza chama chao. Mwandishi wa riwaya anayemweka Mwislamu katika hadithi yake ili tu ageuzwe hajamsomea jirani yake. Jirani huyo, akikisoma kitabu, anapaswa kuweza kusema kwamba ndivyo nyumbani kwao kulivyo: futari inavyopangwa, anavyoitwa mama mkwe, kinachosemwa msibani.

Hadhira hii pana ndiyo sababu ya kazi ya namna hii kuchelewa kupata wachapishaji. Nyumba za uchapishaji za makanisa hupenda kitabu chenye fundisho linaloweza kuandikwa jalada la nyuma. Nyumba za kibiashara hutegemea sana orodha za shule. Riwaya ya muumini isiyohubiri huangukia katikati. Kitereza alilijua hilo kuliko wote. Mswada wake wa Kikerewe ulikaa miaka na miaka bila mchapishaji, kwa kuwa ulikuwa mrefu mno na lugha yake ilikuwa na wasomaji wachache. Akiwa mzee aliufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, akiwapa Myombekere na Bugonoka lugha ya pili. Tanzania Publishing House iliutoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Kitereza alifariki mwaka 1981, na husimuliwa kwamba nakala zilizochapwa China zilikuwa bado njiani kuelekea kisiwani.